Kabla ya kuifundisha nyota, pindua sinia

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha fizikia kidato cha sita, niliandika "wimbi la mshtuko" ubaoni, nikatoa maana, wanafunzi wakanakili. Kwenye mtihani waliirudisha neno kwa neno, pamoja na kosa langu la tahajia. Hakuna aliyeelewa. Sina hakika kama mimi nilikuwa nimeelewa.

Siku hizi naanza na sinia. Lipindue chini ya mfereji, fungua maji kiasi. Pale yanapoangukia yanatandaa membamba na kukimbia, kisha ghafla, kwenye duara, yanainuka na kupunguza mwendo. Chovya ncha ya kijiti ndani ya duara: maji yanapasuka pande mbili kama mbele ya ngalawa, viwimbi vinashindwa kurudi nyuma. Nje ya duara vinasambaa kila upande. Ukingo ule, pale maji yanayovishinda mbio viwimbi vyake yanapopunguza mwendo ghafla, ndio mshtuko wenyewe. (Hakikisha kwanza tangi la skuli lina maji. Mie nimeshaaibika.)

Halafu tunapanda juu. Mwaka 1006 nyota ilionekana ikilipuka, na tabibu Ali ibn Ridwan akaiandika kutoka Misri. Huku kwetu Zanzibar ilipanda juu zaidi kuliko huko. Maandishi ya msikiti wa Kizimkazi ni ya 1107, basi waambie wapige hesabu wenyewe. Hapo hata wanaosinzia huinua vichwa. Mabaki ya nyota ile bado yanatanuka, na ukingo wake, ambao nao ni mshtuko, unazirusha elektroni kwa nishati kubwa mno.

Hapa ndipo nilipokuwa nikipotosha. Nilisema chembe hugongana kama maji. Kule gesi ni nyepesi kiasi kwamba chembe hazigongani ila kwa nadra. Zinazuiwa na ugasumaku (nguvu ya sumaku iliyotanda mle) uliovurugika.

Wataalamu nao wana sinia lao. Huko Livermore, Marekani, kuna mtambo wa miali 192 ya leza. Walipiga vibao viwili vya kaboni vinavyotazamana, plazma (gesi ya moto ambayo elektroni zimebanduka) ikafumka na kukutana katikati. Matokeo yaliyotoka 2020 yalionyesha mshtuko ukijengeka na elektroni zikiongezewa kasi, yote kwa muda mfupi wa kuhesabiwa kwa nanosekunde, yaani sehemu za bilioni za sekunde. Ukubwa hawaujali, wanachohakikisha ni uwiano, kwa mfano chembe isafiri mbali kuliko upana wa mshtuko kabla ya kugonga nyenzake.

Kwa hiyo usifunge kipindi kabla hujawauliza sinia linadanganya wapi. Mwaka jana binti mmoja wa nyuma hakusubiri swali liishe:

"Maalim, sinia halina sumaku."

Nikafunga mfereji.