Mgeni kijijini: mwaka wa kwanza kodi nyumba, usijenge

Aliyekulia mjini, tena nchi nyingine, akifika kijijini akaona bonde la kijani na kijito kinachopita kando ya shamba, hamu ya kwanza humjia ya kununua kiwanja. Wengi huanza kuharibikiwa hapo. Kiwanja kilichopendeza wakati wa kiangazi hugeuka dimbwi mvua zikianza, na kisima kilichofurika masika hubaki tope miezi minne baadaye. Tunachomwomba mgeni yeyote ni kimoja: panga nyumba ya mwenyeji kwa miezi 12 kamili, mvua zikukute humo na ukame ukukute humo. Ujenzi wowote mkubwa usubiri.

Sheria nayo inadai subira hiyo. Nchi nyingi hazimruhusu raia wa kigeni kumiliki ardhi kwa jina lake, au humpa haki ya kukodi kwa muda maalumu tu. Kuandikisha ardhi kwa jina la rafiki ili kukwepa sheria ni kumpa rafiki huyo ardhi. Siku mkikosana, huenda mahakama isikutetee. Uliza ofisi ya ardhi kabla ya kutoa hata senti, na siku ya kupima mpaka hakikisha majirani wa pande zote nne wapo na wanautembea pamoja nawe. Hakikisha pia kwamba ndugu wote wa muuzaji au mkodishaji wanajua. Mashauri mengi ya ardhi huanzia kwa kaka aliyekuwa mbali siku mapatano yalipofanyika.

Kusoma ardhi

Mvua kubwa ikikatika, toka upesi ukatembee, maana baada ya saa mbili dalili nyingi zimekwisha kunywewa na udongo. Angalia maji yanapita wapi, yanatuama wapi, na yamechimba wapi, kisha chomeka vijiti. Wakati wa ukame angalia takataka zilizonasa kwenye matawi ya chini, mstari wa tope juu ya vigogo, na matete au mafunjo yaliyoota mahali panapoonekana pakavu. Matete yanamaanisha maji yako karibu chini ya ardhi: huenda pakafaa kuchimba kisima, lakini hapafai choo wala msingi wa nyumba. Kwenye mteremko, miti iliyopinda shina chini kisha ikanyooka juu huashiria udongo unaoteleza polepole.

Usimuulize mwenye kiwanja kama mafuriko hufika hapo. Waulize wazee wanaoishi jirani: "Mwaka ule maji yalipozidi kuliko miaka yote, yaliishia wapi?" Swali la namna hiyo hujibiwa kwa kidole kinachoonyesha mti au jiwe.

Maji

Haya ndiyo yanayoamua kama utaishi au utaondoka, kwa hiyo yapigie hesabu mapema. Mtu anayeoga kwa ndoo, kupika na kufua anahitaji lita 40 hadi 50 kwa siku. Akijibana sana, 20. Dumu la lita 20 lina kilo 20 za maji. Watu wawili wanahitaji madumu manne au matano kila siku, na chanzo kikiwa mita 500, anayebeba dumu moja moja atatembea kilomita 4 hadi 5 kwenda na kurudi. Ukimlipa mtu akuchotee, ujue kazi unayomlipia.

Paa linaweza kupunguza mzigo huo. Mvua ya milimita 1 juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1. Paa linalofunika mita 40 za mraba (pima chini, eneo lililofunikwa, usipime mteremko wa bati) likipata mvua ya milimita 20 hutoa lita 800. Toa asilimia 20 kwa maji yanayoruka na kuvuja, zinabaki 640. Kosa la kawaida ni kununua tangi kwa kuangalia mvua, wakati cha kuangalia ni ukame. Hesabu siku kati ya mvua ya mwisho na ya kwanza ya msimu unaofuata. Siku 90, kwa lita 40 kwa siku za nyumba nzima (watu wawili wanaojibana), ni lita 3,600. Tangi la lita 1,000 halitakufikisha. La 5,000 litakufikisha na akiba ikabaki.

Gata, yaani mfereji wa ukingoni mwa paa, lishuke sentimita 1 kwa kila mita 1 kuelekea tangi, vinginevyo majani hulala humo na mbu huzaliana. Maji ya kwanza huosha vumbi na kinyesi cha ndege, yasiingie tangini: yamwagwe angalau nusu lita kwa kila mita ya mraba ya paa, yaani lita 20 kwa paa letu la mita 40. Njia rahisi ni bomba la kusimama la milimita 110 lililozibwa chini, likiunganishwa kabla ya tangi. Kila mita ya bomba hilo hubeba lita 8 hadi 9, kwa hiyo mita 2.5 zinatosha. Likijaa, maji safi hupita juu yake na kuingia tangini. Toboa tundu dogo kwenye kizibo cha chini ili lijimwage lenyewe polepole. Bila tundu hilo mvua ya pili hulikuta limejaa, na uchafu wote huenda tangini.

Tangi la lita 5,000 likijaa lina uzito wa tani 5. Likiwekwa juu ya udongo uliojazwa juzi hutitia upande mmoja na kuvunja maungio ya bomba, basi jenga jukwaa juu ya udongo mgumu usiochimbuliwa, na bomba la kutolea maji likae sentimita 10 juu ya sakafu ya tangi ili mashapo yabaki chini. Ziba kila uwazi kwa wavu wa mbu, pamoja na tundu la maji kufurikia, ambalo karibu kila mtu hulisahau. Mwanga usiingie, la sivyo mwani huota. Na usikinge maji ya kunywa kwenye paa lililopakwa rangi yenye madini ya risasi.

Maji ya kunywa yachemke kwa mapovu makubwa dakika 1 nzima. Ukiwa juu ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, dakika 3, kwa sababu huko maji huchemka kwa joto la chini zaidi. Yakiwa na tope, yaache yatuame na uyachuje kwa kitambaa kizito kwanza. Kuni zikikosekana, dawa ya klorini ya kufulia, ya asilimia 5 hadi 6, isiyo na manukato wala sabuni, inafaa: matone 2 kwa lita ya maji maangavu, 4 yakiwa na ukungu, koroga, subiri dakika 30. Kuna jua pia: chupa angavu za plastiki zisizozidi lita 2, zilale juani saa 6, au siku mbili kukiwa na mawingu. Zote hizo huua vijidudu tu. Chumvi, floridi, aseniki na viuatilifu vya shambani haviondoki, tena kuchemsha huzidi kuvikoleza. Maji ya kisima kirefu yapelekwe maabara walau mara moja kabla hujayategemea.

Kuhara kwingi kwa wageni hakutoki hata kisimani. Maji huchemshwa vizuri, yakatiwa kwenye ndoo wazi, kisha kila mtu anachota kwa kikombe chake na vidole vyake. Tumia chombo chenye bomba au shingo nyembamba.

Choo

Choo cha shimo kikae mita 30 au zaidi kutoka kisima chochote, pamoja na cha jirani, na kiwe upande wa chini wa mteremko. Sakafu ya shimo iwe angalau mita 2 juu ya kina cha maji ya ardhini kilivyo wakati wa mvua. Aliyechimba kiangazi bila kujua kina hicho hujikuta masika na shimo lililojaa maji, naye amekwisha kuchafua kisima cha kijiji. Hii ni sababu nyingine ya kungoja mwaka uzunguke.

Kinyesi huongezeka takriban mita za ujazo 0.06 kwa mtu kwa mwaka. Shimo la mita 1 kwa 1 lenye kina cha mita 3, ukiacha nusu mita ya juu, lina mita za ujazo 2.5: familia ya watu wanne italitumia miaka kama 10. Udongo wa kichanga hubomoka, kwa hiyo ujengee kuta kwa tofali au mawe.

Bomba la hewa linyooke, liwe na upana wa milimita 110 au zaidi, lipande nusu mita juu ya paa na liwe na wavu mgumu mdomoni. Ndani ya choo pawe na giza kiasi. Nzi walio shimoni hufuata mwanga. Mwanga pekee wanaouona ukiwa ule wa juu ya bomba, hupanda, hunasa kwenye wavu na kufia hapo. Anayeongeza dirisha kubwa kwa nia njema huvunja mpango wote, na nzi hutokea kwenye tundu la kukalia. Usimwage dawa ya kuua vijidudu shimoni, kwani huua pia vile vinavyoozesha. Tupia majivu kila baada ya kutumia. Maji ya kuogea yaende kwenye shimo lake la mawe.

Moto na taa

Gonga vipande viwili vya kuni: vikavu hulia kwa sauti kali, vibichi hutoa mdundo butu. Pasua viwe vinene kama kifundo cha mkono, uvipange juu ya mawe ili mchwa wasivifikie, vifunikwe juu na kuachwa wazi pembeni. Kabla ya kuokota hata tawi lililoanguka, uliza ni la nani. Jiko la mkaa lisilale chumbani kamwe, hata usiku wa baridi kali. Hewa yake yenye sumu, kaboni monoksidi, haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini.

Kwa sola, anza na matumizi ndipo ununue. Taa 3 za wati 5 zikiwaka saa 5 ni watisaa 75 (wati mara saa), simu mbili na redio, weka 45, jumla 120. Eneo lenye jua kamili la saa 4 kwa siku, ukikadiria upotevu wa asilimia 30, litahitaji paneli ya wati 43, basi nunua ya 50 au 60. Ili kuvuka siku mbili za mawingu unahitaji watisaa 240, na betri ya risasi haipaswi kushushwa chini ya nusu: hiyo ni betri ya watisaa 480, yaani ya volti 12 yenye ampisaa 40 (12 mara 40). Betri nyingi za aina hii hufa mapema kwa kukaushwa mpaka taa zizime kila usiku. Paneli ielekee upande wa ikweta na iinamishwe angalau nyuzi 10 ili mvua iioshe.

Majirani

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Usingoje kupewa. Siku ya kusafisha chanzo cha maji fika na koleo lako, na mchango wa kutengeneza pampu ulipe kiasi kilekile wanacholipa wengine. Ukilipa mara tano umejitenga, na mwakani utaachiwa gharama yote. Usikopeshe fedha miezi ya mwanzo. Kama unataka kusaidia, changia jambo la wote.

Usizungushe uzio kabla mwaka haujaisha. Njia unayodhani imekufa huenda ndiyo inayopitisha mifugo kwenda kunywa wakati wa ukame. Kabla ya kukata mti au kufyeka kichaka, uliza kwa nini kimeachwa. Mara nyingi kuna jibu, na jibu hilo lina faida kuliko kivuli unachokitafuta.

Mbu, panya na nyoka

Chandarua chenye dawa kichomekwe chini ya godoro pande zote na kikaushwe kivulini kikifuliwa, kwa sababu jua huharibu dawa. Mbu hukua kutoka yai hadi kuruka kwa siku 7 hadi 10 hivi kukiwa na joto, kwa hiyo mwaga maji yaliyotuama kila wiki, kwa siku maalumu.

Panya mdogo hupenya tundu la milimita 6. Chakula kikae kwenye pipa la bati lenye mfuniko, makombo yafagiliwe jioni. Panya wakija, nyoka huwafuata. Fyeka nyasi kuzunguka nyumba, lundo la kuni likae mbali na mlango, na usiku usitoke bila tochi na viatu vilivyofunika kifundo.

Mtu akiumwa na nyoka, mlaze atulie, mvue pete na saa kabla kiungo hakijavimba, kifunge kiungo kwenye ubao kisitikisike, mkimbize hospitali. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukaza, usimfukuze nyoka. Sumu ya nyoka anayetema ikiingia machoni, mimina maji safi mfululizo kwa dakika 15 hadi 20, kisha nendeni hospitali vilevile.

Wiki yako ya kwanza, kabla hata hujafungua mizigo yote, uliza hospitali gani iliyo karibu ina dawa ya sumu ya nyoka, njia ya kufika huko hufungwa na mto gani mvua zikinyesha, na nani kijijini ana gari au pikipiki anayekubali kuamshwa usiku. Andika namba zake za simu kwa herufi kubwa ukutani karibu na mlango, na uweke kando nauli ya kwenda, isiyoguswa kwa jambo lingine.