Glovu hazikatiwi utepe: akina mama, twendeni mkutanoni na risiti

Malalamiko ya mwaloni nayajua kwa moyo. Tunaanika dagaa, mmoja anaanza: mkwe wake kaenda kujifungua, kaambiwa aje na glovu, pamba, mpira wa kulalia, nyembe na klipu ya kitovu, halafu dripu ikanunuliwe duka la dawa lililo nje ya geti. Tunamlaani nesi, tunageuza dagaa, yamekwisha.

Mimi nimekaa kwenye kamati ya usimamizi ya zahanati moja huku Ukerewe nikiwakilisha wananchi, na naomba nesi mumwache. Glovu zikiisha, na yeye zimemwishia. Kama fedha zinunue glovu au zipake rangi ukuta, hilo liliamuliwa zamani, kwenye mpango wa zahanati. Mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1, na Bunge la bajeti linaanza Aprili. Ukija kulalamika Mei, hela zimeshapangiwa kazi. Pigeni kelele miezi ya mwisho wa mwaka, vipaumbele vinapokusanywa kijijini.

Mkutano mkuu wa kijiji kisheria unatakiwa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Kwetu wanawake huja wamechelewa, wanakaa nyuma na watoto, na wanaume wanamaliza hoja zote kabla hatujapata pa kukaa. Njooni mapema mkae mbele. Na msiseme "huduma ni mbaya", maana hapo mtendaji atajibu "tumelichukua" na mtarudi nyumbani. Kuna bibi mmoja alisimama na risiti za duka la dawa alizozifunga kwenye pindo la khanga. Akazifungua, akampa mwanafunzi azisome kwa sauti, moja moja na bei yake. Hakuongeza neno. Mkutano mzima ulinyamaza, na mwenyekiti akajikuta anaomba zihesabiwe.

Mkiulizwa mnadai kwa kipi, jibu lipo: Sera ya Afya ya 2007 inasema mjamzito na mtoto wa chini ya miaka mitano wahudumiwe bure. Ila sera si sheria, ndiyo maana "bure" hiyo inaishia getini. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwaka 2023, na hapo ndipo pa kumbana mbunge anapokuja kuomba kura: kujifungua, upasuaji wa uzazi na usafiri wa rufaa, vyote vimo kwenye kitita cha msingi, yaani orodha ya huduma ambazo bima inazilipia? Mama asiye na mchango mkononi atafukuzwa? Msikubali akajibu kwa habari ya jengo jipya. Wanasiasa wanapenda majengo kwa sababu yanazinduliwa.

Suala la usafiri huku majini ni zito kuliko hata hilo la glovu. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, na watu wa Sengerema wanaenda hospitali za Bugando au Sekou Toure, Mwanza mjini, bila kusubiri kivuko. Nawapongeza. Sisi wa Ukerewe na Ukara bado ni ziwa na upepo wake. Vifo vya uzazi nchini vimeshuka, kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 kwenye utafiti wa 2015/16 hadi 104 kwenye ule wa 2022, na hiyo ni kazi kubwa. Lakini wastani wa nchi haumvushi mtu anayetoka damu saa nane usiku mawimbi yakiwa juu.

Namba ya dharura ya m-mama, mpango wa kuwasafirisha wajawazito na watoto wachanga wakipata dharura, ni 115, kupiga ni bure. Iandikeni ukutani. Halafu ulizeni zahanati, mbele za watu: usiku inakuja boti ya nani, mafuta yake yako wapi, na nahodha akisafiri anashika nani? Mkijibiwa "tutaangalia", ombeni jibu hilo liingie kwenye muhtasari kama lilivyosemwa.

Mkishamaliza mkutano, chagueni wanawake wawili wachukue nakala ya muhtasari na kuifuatilia kwenye kamati ya maendeleo ya kata, mbele ya diwani. Wawe wawili, kwa sababu mmoja akiuguliwa na mtoto siku ile, hoja yenu nayo inabaki nyumbani.