Injini ya mashua inapotoa pumzi za oili

SWALI: Ndugu Mhandisi, shikamoo. Ninatunza mashua ya matanga ya futi 34 inayotia nanga katika hori ya Kilifi. Injini yake ni ya dizeli, silinda 3, nguvu za farasi 27, inayopozwa moja kwa moja na maji ya bahari, na imekwisha kufanya kazi saa zipatazo 2,300. Huwa tunaiwasha kwa dakika chache kutoka na kuingia horini, na siku nyingine tunaiacha izunguke polepole kwa saa mbili ili kujaza betri. Tangu kumalizika kwa kusi nimeona mvuke wenye oili ukitoka katika bomba dogo lililo juu ya kifuniko cha valvu. Zamani bomba hilo liliingia katika kikasha cha hewa, lakini fundi mmoja alilichomoa akaliacha wazi. Sasa chumba cha injini kimejaa utando wa oili, mkanda unateleza, na wageni wanaolala ndani wanachafukwa na moyo kwa harufu. Fundi mwingine anashauri nilizibe kabisa. Je, nimsikilize, au injini ifunguliwe ibadilishwe ringi, zile pete za chuma zinazoizunguka pistoni?
— Msomaji, Kilifi

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Nitangulize lililo la haraka: bomba hilo usilizibe. Katika kila mpigo, sehemu ndogo ya gesi za moto zilizo juu ya pistoni hupenya kandokando ya ringi, hata katika injini mpya, ikashuka hadi kwenye chumba cha krenki, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, ambako oili inarushwarushwa na kugeuka matone madogo mno. Gesi hizo, pamoja na matone zinayoyabeba, hazina pa kutokea ila kwenye bomba hilo. Ukiliziba, shinikizo litapanda mpaka lipate mahali dhaifu, na mara nyingi mahali hapo ni sili ya nyuma ya krenki, kizuizi cha oili isivuje, ambayo haibadilishwi bila kwanza kuondoa giaboksi na flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Utakuwa umeepuka utando juu ya mkanda ukajitafutia oili inayomwagika chini ya injini.

Kuhusu ringi, pima kwanza. Anza na kiwango cha oili, mashua ikiwa imetulia na injini imezimwa kwa dakika kumi hivi. Wapo wanaojaza kupita alama ya juu wakidhani wanaihurumia injini, kumbe oili ikizidi krenki huipiga na kuitoa povu, na mvuke huongezeka pasipo ubovu wowote. Kisha, injini ikiwa na joto na ikizunguka polepole, legeza kifuniko cha kujazia oili na ukiache kimelala juu ya tundu lake. Kikitetemeka kidogo na moshi mwepesi ukatoka, hiyo ni pumzi ya kawaida. Kikirushwa, au moshi ukitoka kwa mapigo yenye nguvu, gesi inapita kwa wingi, na hapo ni lazima umwite fundi mwenye geji apime mbano wa hewa ndani ya kila silinda, moja baada ya nyingine. Silinda moja ikiwa dhaifu kuliko wenzake, kasoro iko kwake, na huenda ikawa ni valvu wala si ringi. Zote tatu zikiwa dhaifu kwa kiasi kimoja, tatizo limeenea.

Hata hivyo, kwa maelezo yako, nashuku zaidi namna injini inavyotumiwa kuliko umri wake, kwa kuwa saa 2,300 si nyingi kwa dizeli. Ringi hukandamizwa kwenye ukuta wa silinda kwa msaada wa shinikizo la gesi zenyewe. Injini inapozunguka polepole bila mzigo shinikizo hilo huwa dogo, mafuta hayaungui yote, masizi hujazana katika mifereji ya ringi mpaka zinakwama, na ukuta wa silinda, ambao hutakiwa kuwa na michirizi myembamba ya kushika oili, huvikwa utando mgumu unaong'aa kama kioo. Yako ina udhaifu mwingine wa maumbile. Chumvi ya bahari huanza kuganda katika njia za maji joto linapokaribia nyuzi 60, kwa hiyo termostati (valvu inayopitisha maji ya kupoza kulingana na joto) ya injini nyingi ndogo za namna hiyo hufunguka mapema, karibu nyuzi 42. Ni busara ya watengenezaji, lakini maana yake ni kwamba ikikosa mzigo injini haipati joto la kutosha, na unyevu pamoja na dizeli isiyoungua hubaki ndani ya oili. Naamini saa zile mbili za kujaza betri ndizo zinazoiumiza kuliko safari zote. Betri ziachie paneli ya jua, ambalo Kilifi halikosekani.

Kabla ya kuifungua, basi, na iwapo geji haikuonyesha ubovu mkubwa, mwaga oili ikiwa bado ya moto ili uchafu utoke nayo. Ikiwa huwezi kuifikia nati ya chini, inyonye kwa pampu ya mkono kupitia tundu la stiki ya kupimia oili. Vaa glavu, na oili chafu uipeleke gereji, usiimwage horini. Badilisha filta, tia oili ya dizeli ya 15W-40 ya daraja linalotajwa katika kitabu cha injini, kisha toka nje ya mlango wa hori uifanyishe kazi kwa robo tatu ya mzunguko wake wa juu, saa tatu au nne mfululizo, ukiangalia kipimo cha joto na maji yanayotoka na moshi. Rudia safari hiyo mara kadhaa. Ringi zilizokwama kwa masizi zinaweza kuachia. Ule utando wa kioo ukiwa umekomaa hautatoka kwa mwendo, na hapo ndipo utakapokubali silinda zisuguliwe upya na ringi zibadilishwe.

Wakati huohuo lirudishe bomba kwenye kikasha cha hewa, lakini katikati weka chupa ya kukusanyia oili. Iwe ya chuma au plastiki inayostahimili joto, na ndani yake iwe na wavu wa chuma kisichoshika kutu. Steli wuli ya jikoni itakatikakatika kwa kutu na vipande vyake vifyonzwe na injini. Mpira uteremke kwa mwinamo mmoja bila kujikunja, kwa sababu penye bonde maji na oili hutuama vikaziba njia. Chupa nayo iwe na njia pana ya kutokea, la sivyo umeliziba bomba kwa njia nyingine. Oili itakayokusanyika usiirudishe katika injini.

Ukungu wa oili si jambo la kudharau. Mnamo Septemba 1947, meli Reina del Pacifico ilipokuwa ikifanyiwa majaribio karibu na pwani ya Ireland ya Kaskazini, ukungu wa namna hiyo ulilipuka ndani ya injini zake na watu 28 wakafa. Injini yako ni ndogo mno kufananishwa na zile, lakini kuuacha ukungu utapakae katika chumba chenye nyaya za umeme na ekzosi ya moto si salama.

SWALI: Nina jahazi lenye injini ya dizeli. Oili badala ya kupungua inaongezeka kwenye stiki. Je, niendelee nayo?
— Msomaji, Tanga

JIBU: La, usiiwashe. Kitu kinaingia. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, ni maji: angalia sili ya pampu ya maji na gaskiti ya silinda hedi. Ikiwa nyepesi na inanuka dizeli, angalia ngozi (utando laini wa ndani) ya pampu ndogo ya kuvutia mafuta, kisha nozeli zinazonyunyizia dizeli katika silinda. Hatari ni kwamba kiwango kikipanda sana, injini huweza kufyonza oili yake yenyewe kupitia bomba la kupumulia, ikaanza kukimbia ovyo, na kukata dizeli hakutaisimamisha. Ikitokea, ziba mdomo wa kuingizia hewa kwa ubao bapa, kamwe si kwa kiganja. Ubao huo ukate leo kwa kipimo cha mdomo, uutundike mlangoni mwa chumba cha injini.