Densiti si ugumu: kusoma lebo ya godoro kabla ya kulipa

SWALI: Habari yako fundi. Mimi na mzee wangu tunataka kubadilisha godoro la kitanda cha tano kwa sita. Jumamosi tulizunguka maduka ya Mombasa Road hapa Nairobi, tukamalizia mjini, na tulirudi nyumbani tukiwa tumechanganyikiwa kuliko tulivyotoka. Duka la kwanza walituambia tuchukue hai-densiti, la pili hevi-diuti, la tatu wakasema mgongo wa mzee unataka othopediki. La mwisho wakatuonyesha la springi lenye pilo-topu na bei ya kutisha. Mzee ana kilo kama 100, mimi niko 60, na yeye huamka na maumivu ya kiuno. Kila muuzaji alibonyeza godoro lake kwa kiganja akasema, "Ona lilivyo gumu, hili utazeeka nalo." Haya maneno yana maana gani, na tutajuaje kwamba hatuuziwi hewa? — Mama Neema, Donholm

JIBU: Mama Neema, salamu kwako na kwa mzee. Hilo neno lako la mwisho umelilenga vizuri, maana sponji kwa sehemu kubwa ni hewa, na bei hutegemea umeuziwa hewa kiasi gani. Kati ya maneno yote mliyobebeshwa Jumamosi, ni densiti peke yake yenye nambari ambayo wewe mwenyewe unaweza kuipima. Mengine ama yanaeleza godoro limejengwaje, ama ni sifa ambazo muuzaji amelivisha. Kwa hiyo nitakaa kwenye densiti, hayo mengine tutayapitia.

Sponji ya godoro hutokana na kemikali mbili kuu zinazochanganywa pamoja na maji kidogo. Maji yakikutana na mojawapo hutoa gesi ya kaboni dioksidi, mchanganyiko ukaumuka kama unga wa mandazi, na baada ya dakika chache kunakuwa na bonge refu ambalo likishakauka hupelekwa kwenye msumeno. Gesi ikiwa nyingi, bonge hupanda zaidi kwa malighafi ile ile, na kiwanda hupata magodoro mengi zaidi. Kila moja basi linakuwa na malighafi kidogo na hewa nyingi. Densiti ni hesabu ya jambo hilo: mita moja ya ujazo ya sponji ina kilo ngapi. Lebo ikisema D25, inadai kwamba mita moja ya ujazo ina uzito wa kilo 25.

Kwa sponji ya kawaida, kilo 16 hadi 18 ni nyepesi. Itamfaa mgeni wa siku mbili tatu, au mtoto asiye na uzito. Kilo 20 hadi 23 ni ya kati. Kuanzia 25 kwenda juu ndipo wengi wetu katika kazi hii huanza kuiita hai-densiti. Nasema wengi wetu kwa sababu wako wanaoanza kuiita hivyo kwenye 20, na ukiwauliza nambari watakuambia, "Ni ile nzito, mama." Hevi-diuti ni mbaya zaidi: nimeona neno hilo limebandikwa kwenye sponji ya kila namna. Usibishane nao. Uliza nambari, na asiyekuwa nayo mshukuru uende.

Sasa kuhusu kile kiganja. Ugumu na densiti ni vitu viwili. Fundi wa kemikali anaweza kubadilisha mchanganyiko akatoa sponji nyepesi ya kilo 18 iliyo ngumu kama ubao, na anaweza pia kutoa ya kilo 35 inayobonyea kama mto. Maabara hupima ugumu kwa kipimo chake: sahani ya mviringo yenye upana wa kama inchi 8 hukandamiza sponji mpaka iingie ndani kwa asilimia 40 ya unene wake, kisha husomwa nguvu iliyotumika, katika nyutoni. Nambari hiyo inakuambia godoro litakupokeaje usiku wa leo. Densiti ndiyo inayokuambia litakuwaje baada ya miaka mitatu, kwa sababu kuta za vijitundu vya sponji nzito zina nyama, hazichoki upesi. Sponji nyepesi iliyofanywa ngumu ndiyo inayowaliza watu wengi. Dukani inapendeza, halafu kabla mwaka haujaisha pale anapolala baba pamekuwa bonde. Kwa mtu wa kilo 100 hilo bonde huja mapema zaidi.

Kwa hiyo, lipime. Futi 5 mara futi 6 ni 30. Unene wa inchi 8 ni theluthi mbili ya futi, basi ujazo ni futi 20. Mita moja ya ujazo ina futi 35.3, kwa hivyo godoro lenu ni mita 0.57 hivi. Zidisha kwa densiti inayodaiwa. Sponji ya D18 itakuwa na kilo 10 na ushee. D22 itakuwa kilo 12 na nusu, D25 kilo 14, na D30 kilo 17. Kava lake huongeza kilo moja au mbili, hasa likiwa lile nene lililoshonwa kwa tabaka. Mizani si lazima iwe ya dukani. Mzee apande ile mizani ya kupimia watu akiwa mikono mitupu, kisha apande tena akiwa amelikumbatia godoro lililokunjwa na kufungwa kamba, mtoe tofauti. Watawatazama. Waacheni watazame.

Kabla ya hesabu hiyo, toa futi kamba. Tano kwa sita ya duka moja ina urefu wa inchi 72, ya duka jingine ina inchi 75, na hizo inchi tatu hubadilisha uzito na pia hukataa kuingia kwenye fremu ya kitanda. Na usilinganishe uzito wa magodoro yenye unene tofauti. La inchi 6 la D25 lina karibu uzito sawa na la inchi 8 la D18, lakini si magodoro ya daraja moja hata kidogo.

Mizani nayo inaweza kudanganywa. Kuna sponji ambayo imetiwa unga wa chokaa wakati wa kuchanganya ili iwe nzito. Uzito unapanda, uimara haupandi. Fungua zipu kwenye kona (kama kava limeshonwa pande zote, omba kuona kipande cha mfano), sugua sponji kwa kidole gumba kwa nguvu, kisha angalia kidole. Vumbi jeupe, au sponji kumeguka punje punje, ni dalili kwamba si sponji tupu. Ukiwa umefungua hapo hapo, angalia kama ni kipande kimoja kutoka juu hadi chini. Magodoro mengine ya bei ya chini ni mabaki yaliyogandishwa kwa gundi na kuvishwa kitambaa cha maua mapya.

Alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, pia itazame, na usiishie kuiona. Chini yake huwa kuna nambari ya kibali. Andika SM# ikifuatiwa na nambari hiyo, utume kwenda 20023, na ujumbe utakaorudi utakuambia kibali ni cha nani na cha bidhaa gani. Jina likiwa si la kampuni iliyo kwenye lebo, achana nalo.

Tuje kwenye othopediki, maana hapa ndipo mgongo wa mzee unapotumiwa kuuza. Neno hilo peke yake halikuambii densiti, wala ugumu, wala kwamba kuna daktari aliyelipima. Hapa Nairobi mara nyingi huwa na maana ya "gumu sana", na mara nyingi ndani yake kuna sponji ya vipande, ile yenye rangi nyingi kama marumaru: mabaki ya kiwandani yaliyosagwa, yakatiwa gundi na kushindiliwa. Densiti yake inaweza kuwa kilo 60, 80 au zaidi, ila usiilinganishe na ile D25, kwa kuwa ni kitu kingine kabisa. Si sponji mbaya. Haizami upesi, na tabaka lake chini ya sponji laini hufanya kazi nzuri sana. Lakini kulala juu yake moja kwa moja, hasa kwa anayelalia ubavu, ni kuubana bega na nyonga usiku kucha.

Imani kwamba mgongo mbovu unataka godoro gumu kabisa imepimwa. Mwaka 2003 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Uhispania kwa watu wazima 313 wenye maumivu ya muda mrefu ya kiuno. Wengine walipewa godoro gumu, wengine la ugumu wa wastani, na baada ya siku 90 waliolalia la wastani ndio waliokuwa na nafuu zaidi. Basi mzee asitafute ubao. Alale dukani kwa ubavu, viatu nje, dakika kumi nzima, na wewe simama nyuma yake utazame uti wa mgongo. Ukiwa umenyooka kutoka shingoni hadi kiunoni, hapo sawa. Nyonga ikizama, ni laini mno kwake. Kiuno kikibaki kinaning'inia bila kuguswa, ni gumu mno. Na kama maumivu yanashuka mguuni au mguu unakufa ganzi, hilo ni la daktari, magodoro yasubiri.

Springi ziko za aina mbili mtakazokutana nazo. Zile za zamani zimeungwa pamoja kwa waya. Ni imara na bei yake ni nafuu, ila mmoja akigeuka mwenzake anajua. Zile za mfukoni, ambazo wauzaji huziita poketi springi, kila moja imeshonewa kifuko chake na hushuka peke yake. Kwa nyinyi mliopishana kilo 40, faida yake iko wazi: wewe hutabingirika kuelekea kwa mzee. Wakikutajia geji ya waya, kumbuka hesabu yake huenda kinyume, geji 13 ni waya mnene kuliko geji 15. Na hata godoro la springi lina sponji juu, kwa hiyo swali la densiti liko pale pale. Springi hudumu, sponji iliyo juu yake ndiyo hulala mapema.

Pilo-topu ni tabaka laini lililoshonwa juu kama mto wa kitanda kizima. Tamu sana mwezi wa kwanza. Godoro la namna hiyo haligeuzwi juu chini, linazungushwa tu kichwani kwenda miguuni, na hilo tabaka ndilo la kwanza kuchoka. Kwa uzito wa mzee nisingelipia. Kwiltingi, yaani yale maua na misitari iliyoshonwa kwenye kava, ni urembo na ulaini kidogo wa juu, basi.

Memori-fomu hamkuitaja ila mtakutana nayo. Ilibuniwa mwaka 1966 katika kazi ya NASA ya viti vya ndege. Hulainika kwa joto la mwili na kurudi umbo lake polepole. Ndiyo maana usiku wa Julai hapa kwetu unaweza kupanda kitandani ukaikuta imekaza, mpaka uipashe joto. Densiti yake pia ina kipimo chake, kilo 40 ni mwanzo wa kuongea, na ikiwa ni inchi moja tu juu ya sponji nyepesi, mnalipia jina.

Mngekuwa wateja wangu, ningewapa la poketi springi la ugumu wa wastani, lenye sponji ya juu ya D30, kama mfuko unaruhusu. Kama hauruhusu, chukueni sponji tupu ya D30, inchi 8, na kama mna zile pesa ambazo mngelipia pilo-topu, ziwapandishe hadi inchi 10. Msishuke chini ya D28 kwa sababu ya mzee.

Halafu chungulia chini ya kitanda chenu. Chaga zikiachana zaidi ya inchi 3, au moja ikiwa imepinda, godoro jipya litafuata umbo hilo, na dhamana nyingi hukataa dai la namna hiyo. Kuhusu dhamana yenyewe, miaka 10 iliyoandikwa kwa herufi kubwa isikudanganye. Uliza bonde linaanza kuhesabiwa likiwa na inchi ngapi, na kama katika mwaka wa nne mtapewa godoro jipya au punguzo tu. Majibu hayo, pamoja na densiti, yaandikwe kwenye risiti, na muuzaji apige muhuri juu yake.