Msimamizi wa tasnifu akinyamaza

Dada, unasema msimamizi wako hajakujibu wiki tatu kuhusu sura ya pili ya tasnifu; hiyo haimaanishi amekukataa. Wangu alikuwa na wanafunzi wengi, na barua pepe zangu ndefu zilizama kati ya zao. Nikachapisha kurasa kumi tu, nikaandika maswali mawili juu kwa kalamu, nikamvizia ofisini kabla hajaenda darasani. Alinijibu palepale, funguo mkononi. Tangu hapo, kila tukiachana namwandikia jioni hiyohiyo mistari mitatu: tulichokubaliana, nitakachofanya, tarehe. Ujumbe huo utakuokoa akisahau alichokuagiza, na kweli husahau. Msimamizi wa pili mshirikishe mapema. Na pendekezo la utafiti likipita, omba kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi ya Kenya, kabla hujapanda matatu kwenda Kibera kukusanya data.