Jiwe zito au jepesi, lipi linafika mbali ukirusha kutoka juu ya paa?
Ndugu, swali lako lina mambo mawili ndani yake: kimo na uzito. Kimo ni rahisi. Ukirusha jiwe kwa mlalo kabisa, muda wake hewani unaamuliwa na kimo tu. Kutoka mita 5 linafika chini kwa kama sekunde 1, kutoka mita 20 kwa sekunde 2. Kwa hiyo kasi ikiwa ileile, kimo mara nne kinakupa umbali mara mbili tu.

Uzito ndio unaowachanganya wengi. Kusingekuwa na hewa, usingeingia kwenye hesabu hata kidogo. Lakini hewa ipo. Mpira wa tenisi ya mezani una gramu 2.7, wa gofu karibu 46, na ukubwa wao unakaribiana sana. Uirushe kwa kasi moja uone: ule mwepesi unakatwa kasi palepale, wa gofu unaendelea zake.

Ila usikimbilie kusema kizito ndicho kinachofika mbali, maana mkono nao una kikomo. Tufe la wanaume, lile linalorushwa kwenye riadha, ni kilo 7.26, na hakuna anayeweza kulirusha kwa kasi ya kokoto.

Halafu tufe linaachiwa kama mita 2 juu ya ardhi. Kwa kasi ya mita 13 kwa sekunde na pembe ya digrii 40, kimo hicho kinasogeza umbali kutoka mita 17 hivi hadi 19. (Ndiyo maana pembe bora ya tufe iko chini ya ile 45 tuliyokaririshwa shuleni.)