Dripu ya mafuta ndani ya saa tatu?

SWALI: Shikamoo mfamasia. Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji. Tuna mgonjwa wa kilo 50 ambaye utumbo wake haufanyi kazi, na ameandikiwa mililita 250 kwa siku za emalsheni ya mafuta ya asilimia 20, yaani dripu nyeupe ya mafuta yaliyochanganywa na maji, ya kumlisha kupitia mshipa. Wenzangu huimaliza kwa saa tatu ili wasiiachie zamu ya usiku. Wanasema dozi ya siku haijazidi, na kwamba mgonjwa akidhurika na dawa ya ganzi mafuta hayohayo husukumwa kwa dakika chache tu. Ni sahihi?

JIBU: Marahaba. Si sahihi, na hesabu yake ni fupi. Chupa hiyo ina gramu 50 za mafuta. Kwa mtu mzima sivuki gramu 0.11 kwa kila kilo kwa saa, na kwa mgonjwa wenu hizo ni mililita 27 na nusu za dripu kwa saa. Mkiimaliza kwa saa tatu, kasi yenu ni mara tatu ya hapo. Pangeni saa kumi, mkianza taratibu zaidi nusu saa ya kwanza. Ila msipitishe saa 12 kwa chupa moja, maana vijidudu vikiingia humo hustawi upesi. Kama hamna pampu, seti ya matone 20 kwa mililita itahitaji matone manane hivi kwa dakika. Hata hivyo tone la emalsheni halilingani na la maji ya chumvi, kwa hiyo bandikeni plasta kwenye chupa na mkague kila saa imeshuka kiasi gani.

Sasa hili la "dozi ya siku haijazidi". Nalisikia kila mara, na linanichosha. Mafuta yakiingia kwenye damu huvunjwa na kimeng'enya kilicho kwenye kuta za mishipa midogo, nacho kina kasi yake. Hakijui kwamba zamu inaisha. Kikielemewa, chembe za mafuta hubaki zikizunguka, damu ikikaa kwenye chupa ya maabara majimaji yake huonekana kama maziwa, na mzigo unahamia kwenye ini, wengu na mapafu. Huko ndiko hutoka homa, macho na ngozi kuwa ya manjano, kushuka kwa chembe sahani zinazogandisha damu, na hata kuvuja damu. Wengine hujitetea kwamba emalsheni haiunguzi mshipa wa mkono. Kweli haiunguzi, lakini mshipa kuvumilia hakumaanishi damu imeyasafisha mafuta.

Kuhusu sumu ya ganzi: pale moyo unasimama au umeshasimama, na timu nzima ya uokoaji imemzunguka mgonjwa. Mililita 1.5 kwa kilo ndani ya dakika mbili tatu ni hatari inayokubaliwa kwa sababu kinachosubiri ni kifo. Hakuna anayelishwa hivyo.

Ubaya huohuo uko kwenye kufidia. Dripu imechelewa saa nne, mtu anazidisha kasi. Kwa mtoto njiti hilo laweza kuua. Wa kilo moja anayepewa gramu 3 kwa siku anahitaji mililita 0.6 tu kwa saa, na mirija ya pampu ikibadilishana na ile ya glukosi anapata ya siku nzima kabla ya mchana. Muda uliopotea umepotea. Pimeni trigliseridi, yaani mafuta yaliyomo kwenye damu; kwa mtu mzima zikivuka milimoli 4.5 kwa lita, simamisheni na mwiteni daktari. Akiwa chini ya propofoli, dawa ya usingizi, hesabuni na mafuta yake, kwani nayo imo ndani ya emalsheni ya asilimia 10.

Na hao wanaomtundikia "dripu ya nguvu" mtu anayeweza kumeza uji, kwa saa moja, bila kumpima uzito wala damu, sina neno la upole kwao. Anayeweza kula apewe chakula. Ukiona chupa nyeupe inakimbia kwenye chumba kisicho na mizani wala maabara, mwondoe mgonjwa wako hapo kabla hawajafungua ya pili.